Mkono wa Mama Mwongeli

Kati ya watu wote waliowahi kupanda Kiima Kyeu, hakuna aliyemtia Musyimi hofu kama mwanamke mmoja mfupi kutoka Kanyangi, Kitui, aliyekuja amevaa viatu vya kanisani. Na Musyimi si mtu wa kuogopa ovyo. Alifanya kazi pwani ya kaskazini kwa miaka kadhaa, akiwatembeza wageni juu ya miamba ya matumbawe maji yakipwa, akiwaingiza mapangoni na kuwatoa kabla bahari haijarudi kudai nafasi yake. Mtu aliyekimbizana na bahari hatishwi na kitu kidogo.

Siku moja huko pwani alijiuliza swali la mtu mwenye akili. Ikiwa watu wanatoka ng'ambo kuja kupanda mawe ya wenyewe, mbona kwao Makueni kuna mawe makubwa zaidi na hakuna anayeyapanda isipokuwa mbuzi waliopotea? Akarudi nyumbani na kamba zake, helmeti zake na mikanda yake ya usalama. Akamchukua rafiki yake Kanyi, kijana wa Malili ambaye wazazi wake walitoka Murang'a wakafungua duka kando ya barabara kuu, na wawili hao wakaanza kuwapandisha watu Kiima Kyeu, ule mlima wa jiwe jeupe unaotazama mto Athi. Mwanzoni watu waliwacheka mpaka wakachoka. Sasa kila Jumamosi wanakuja vijana wa Nairobi, wanafunzi, hata maharusi wa kupigwa picha.

Asubuhi hiyo Musyimi alikuwa akipanga helmeti mbele ya kibanda chao cha mabati simu ilipolia. Alikuwa mchumba wake, Mwongeli, mwalimu wa chekechea pale Wote.

"Uko site?" Mwongeli aliuliza.

"Niko. Tunangoja group ya wamama wa kanisa kutoka Kitui."

"Umeuliza ni kanisa gani?"

"Si kanisa ni kanisa tu?"

"Musyimi, mum yuko kwa hiyo basi. Yeye ndiye mwenyekiti wao. Nimeambiwa saa hii na cousin yangu."

Musyimi aliketi juu ya helmeti, akainuka, akaketi tena.

Ni lazima ieleweke mambo yalikuwa yamefikia wapi. Kwa Wakamba unaweza kumpenda msichana, ukamjengea nyumba na kumchotea maji, lakini mbuzi wa ntheo, wale wa kufungulia uchumba, wasipoingia kwa wazazi wake, wewe ni mpita njia tu. Mbuzi wa Musyimi walikuwepo, wanene, wakila na kulala. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuwapeleka. Baba yake Mwongeli, Mzee Kyule, alisema yeye hana neno, neno liko jikoni. Na jikoni palikuwa na Mama Mwongeli, ambaye hakuwa amewahi kumwona Musyimi ila kwenye simu ya binti yake. Kwa bahati mbaya, picha aliyoonyeshwa ni ile ambayo Musyimi ananing'inia kichwa chini, miguu juu, akicheka. Mama aliitazama picha hiyo kwa muda, akauliza, "Huyu ndiye? Na akishuka hapo anafanya kazi gani?"

"Anakuja kunichunguza," Musyimi alisema kwenye simu.

"Anakuja kukuchunguza. Sasa sikia. Usimshike mkono. Unanisikia? Ukimpa mkono kama unavyopatia hao wageni wako, atarudi Kanyangi aseme huyo kijana hana nthoni, na huyo si mkwe, ni mtu wa barabarani. Mambo itaishia hapo."

"Sawa. Simshiki."

"Na asianguke."

"Mwongeli, hiyo kazi yetu ni ya kushika watu mkono!"

"Mimi nimekuambia," alisema Mwongeli, akakata simu, kengele ya shule ikilia nyuma yake.

Nthoni si chuki wala si woga. Ni heshima iliyotiwa chumvi ikazidi. Mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mwanamume huacha njia akaingia kichakani mpaka mama apite. Siku hizi wapo wanaosalimiana na hata kukumbatiana harusini, na mvua haijakataa kunyesha kwa sababu hiyo. Lakini Mama Mwongeli hakuwa wa siku hizi. Kaka yake mwenyewe alipomshika mama mkwe wake mkono msibani, yeye ndiye aliyemsema miezi yote ya kiangazi.

Musyimi alimweleza Kanyi shida yake. Kanyi alicheka akashika mbavu.

"Boss, tulia. Wewe ndio uko na nthoni. Mimi ni Mkikuyu wa Malili, sina mbuzi yoyote kwa huyo mama. Nitamshika mkono mpaka anichoke."

Basi likafika likiimba. Wamama walishuka na vitambaa vya buluu vichwani, viondo mikononi, hotpoti za muthokoi na chapati zikifuata. Walimwendea Musyimi wote kwa pamoja, mikono mbele, kama ilivyo ada ya watu wa kanisa, ambao wasiposalimia mtu mmoja mmoja huona hawajafika. Musyimi akaona mikono mingi na hakujua mmoja uliokatazwa ni upi. Akafanya alichoweza. Akanyakua furushi la kamba, akalikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili.

"Karibuni sana. Karibuni," alisema nyuma ya furushi.

"Wewe kijana," akasema mwanamke mnene mchangamfu aliyetangulia, Katunge, naibu wa mwenyekiti, ambaye mdomo wake haukujua likizo. "Weka hiyo kitu chini usalimie wazazi."

"Ako na shida ya mkono," Kanyi aliwahi kusema.

"Mkono gani?"

"Yote mbili."

Katunge aliwageukia wenzake. "Asi! Na ndiye atatushika huko juu?"

Wamama walicheka. Mmoja hakucheka. Alikuwa amesimama kando, mfupi, mkavu, amekunja leso yake kwapani, viatu vyeusi vya kanisani vimepigwa rangi vikang'aa. Alikuwa na pua ya Mwongeli na kidevu cha Mwongeli, na kile kidevu kilikuwa kimeinuliwa. Musyimi akainamisha macho mpaka kwenye vile viatu, akaona kuwa soli zake ni laini kama sahani. Angekuwa mgeni mwingine angemwambia, mama, hivyo hapana, chukua raba hizi. Lakini nani amwambie mama mkwe kuhusu miguu yake? Akamnong'oneza Kanyi, Kanyi akaenda na raba mkononi.

"Nimetembea na hivi mpaka Mwingi," Mama Mwongeli alijibu. "Hivi vinatosha."

Ikaisha hapo. Kanyi akamfunga mkanda wa usalama, akamvalisha helmeti juu ya kitambaa, na safari ikaanza.

Tukisema haki, Musyimi aliifanya kazi yake vizuri siku hiyo. Aliwapeleka kwa mwendo wa wamama, akasimama penye kivuli, akawaonyesha pimbi wakijianika kwenye jiwe na mbuzi mawe, yule swala mdogo wa miambani, akiruka kutoka mwamba hadi mwamba kwa kwato zisizozidi sarafu. Akawaonyesha Athi chini kule, rangi ya chai ya maziwa, na ng'ambo yake vilima vya kijivu vikipandana.

"Kule ni kwenu Kitui," aliwaambia.

"Kumbe Kitui ni nzuri hivi?" Katunge akashangaa. "Shida ni kwamba lazima uwe Makueni ndio uione."

Alichokosea Musyimi ni heshima kupita kiasi. Kila walipopumzika, wamama wakipita mbele yake, alisubiri mpaka aone vile viatu vyeusi vinakaribia, kisha akaruka nje ya njia na kuingia kichakani. Na Kiima Kyeu kichaka chake ni cha miiba. Mara ya kwanza wamama hawakujali. Mara ya pili Katunge aliuliza kama kijana ana shida ya tumbo pia. Kufikia nusu ya mlima, shati la Musyimi lilikuwa limechanika begani na mkono wake una mistari ya damu. Alipotaka kusema na mwenyekiti alisema na hewa: "Mwambieni mama wa nyuma anywe maji." Maji yalipelekwa, yakanywewa, na jibu likarudi kwa njia ileile: "Mwambieni mwenye kazi tumeshukuru."

Katunge si mjinga. Alitazama huku, akatazama kule, akaanza kutabasamu peke yake. Kufikia walipofika kwenye Mkanda, kila mtu alikuwa ameshanong'onezwa.

Mkanda ni sehemu ambayo wageni huja kwa ajili yake. Mlima mzima unageuka ukuta, na njia inakuwa ukingo mwembamba unaozunguka ukuta huo, jiwe kulia, hewa kushoto. Musyimi alipigilia vyuma kwenye mwamba akapitisha kamba nene, na kila anayevuka hunasa kulabu ya mkanda wake kwenye kamba hiyo. Mtu hawezi kuanguka hata akitaka. Shida ni kwamba macho hayaamini kulabu, na magoti huyasikiliza macho.

Mpango ulikuwa rahisi. Musyimi angekaa mwanzo wa Mkanda akiwaachilia mmoja mmoja, Kanyi angekuwa ng'ambo akiwapokea, kisha mwisho Kanyi angerudi kumvusha mwenyekiti. Mama Mwongeli mwenyewe ndiye aliyesema atavuka wa mwisho, kwa kuwa mchungaji hatangulii kondoo kwenye hatari na kuwaacha nyuma. Wamama wakavuka wakiimba, sauti zikipanda kila walipotazama chini. Kisha ikafika zamu ya Katunge.

Katunge alianza vizuri. Katikati, mdomo wake uliacha kusema, na hiyo ndiyo ilikuwa dalili ya kwanza. Kanyi akaja akamchukua, akamfikisha ng'ambo, na hapo Katunge akakaa chini, akakamata shati la Kanyi kwa mikono miwili, akafumba macho.

"Usiniache!" alilia. "Kijana, ukiniacha naruka!"

"Mama, mimi narudi tu kuchukua mwenyekiti."

"Mwenyekiti ako na Mungu! Mimi nishike!"

Kanyi alijaribu kujinasua, shati likaanza kutoka kichwani. Akamtazama Musyimi kwa mbali, akainua mabega. Huku, mwanzo wa Mkanda, walibaki watu wawili, na kati yao hapakuwa na mtu wa kutumwa.

Mama Mwongeli alisubiri. Jua lilikuwa linachoma. Hatimaye akajigeuza akautazama ukuta.

"Wewe jiwe," alisema kwa sauti ya kikao, "mwulize huyo kijana kama anataka tulale hapa."

Musyimi akashtuka. Akaelewa. Naye akaugeukia ukuta.

"Jiwe, mwambie mama angoje kidogo tu. Kanyi atakuja akimalizana na yule."

"Jiwe, mwambie yule namjua tangu tukiwa wasichana. Hawezi kumalizana na mtu leo."

Hilo lilikuwa kweli. Musyimi akafikiri upesi. Akakata fimbo ndefu ya mkole uliokuwa umejishikiza kwenye ufa, akaitoa matawi.

"Jiwe, mwambie mama ashike mwisho wa hii fimbo. Mimi nitashika ule mwingine, nitatangulia. Na mkono wa pili ashike kamba. Na asitazame chini."

Jiwe likamwambia. Mama akashika fimbo. Musyimi alinasa kulabu yake kwenye kamba, akatangulia, mgongo kwa mama mkwe. Nyuma yake alisikia vile viatu vikikwaruza, hatua baada ya hatua. Fimbo ilikuwa katikati yao, na mila ilikuwa salama. Alianza hata kujisifu kimoyomoyo. Kumbe shida zote za dunia ni kukosa fimbo.

Walikuwa wameshapita nusu ya ukingo, soli laini ilipokanyaga kokoto. Hapakuwa na kelele, ila mkwaruzo mrefu. Fimbo ikalegea mkononi mwa Musyimi, ikawa nyepesi, ikaanguka bondeni ikigongagonga. Aligeuka, akaona Mama Mwongeli ameketi ukingoni, miguu yote miwili hewani, helmeti imeshuka usoni. Kulabu ilikuwa imemshika barabara. Hangeenda popote. Lakini yeye hakujua hilo, na hata angejua asingeliamini.

"Musyimi!" alipiga kelele. "Musyimi, nakufa!"

Hakuliita jiwe. Hakumwita mwenye kazi. Mama mkwe wa Kikamba hataji jina la mkwe wake, kama mkwe naye asivyotaja la mama mkwe. Hilo jina lilitoka kinywani mwake zima, likagonga ukuta, wamama wote ng'ambo wakalisikia.

Musyimi hakufikiri. Na ashukuriwe Mungu, kwa sababu angefikiri angetafuta fimbo nyingine. Alipiga goti, akamshika mkono, akamshika kwenye kifundo kwa mkono wa pili, akamvuta, akamzungushia mkono kiunoni na kumsimamisha ukutani kama mtu anavyosimamisha gunia la mahindi lililoegemea vibaya.

"Nimekushika, mama," alisema, akimtazama usoni. "Nimekushika. Kanyaga hapa. Sasa hapa. Usitazame chini, nitazame mimi."

Na yule mama akamtazama. Wakaenda hivyo, ana kwa ana, Musyimi akirudi kinyumenyume, mikono minne imefungana, mpaka ng'ambo penye uwanja mpana. Kule Katunge alikuwa ameacha kulia mara moja. Kwa mambo kama haya mtu hufumbua macho hata akiwa mgonjwa.

Musyimi aliachilia mikono. Mama Mwongeli hakuachilia upesi hivyo. Kisha akakumbuka, akajifuta kwenye leso, akaenda kuketi kwa wenzake.

Kutoka hapo mpaka kileleni ni mwinuko mwepesi tu, hata mtoto anapanda. Wamama walifika, wakashangilia, wakapiga picha, wakaomba, wakafungua hotpoti. Musyimi hakuwasogelea. Alikwenda nyuma ya mwamba mkubwa, kwa kuwa mkwe hali mbele ya mama mkwe, na pia kwa kuwa hakuwa tena na uhakika kama yeye ni mkwe wa mtu. Machozi yalikuwa karibu. Alimpenda Mwongeli kwa moyo wake wote, na alikuwa amemshika mama yake kiunoni mbele ya kanisa zima.

Kanyi alimletea chapati. "Ungemwacha akining'inia?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Sasa Mwongeli ataniuliza nilimshika kwa nini, nimwambie nini?"

"Mwambie alikuwa anakufa."

"Hakuwa anakufa, Kanyi. Kulabu ilimshika. Wewe na mimi tunajua. Ningeongea naye polepole, angetulia, ungekuja. Mimi nilimshika kwa sababu alinililia."

Kanyi akala chapati mwenyewe.

Muda si muda kichwa cha Katunge kikachungulia. Uso wake ulikuwa mzito, na kwa Katunge uzito huo haukuwa wa kawaida.

"Unaitwa," alisema.

Wamama walikuwa wameketi nusu duara, sahani zimewekwa chini. Mama Mwongeli alikuwa katikati, amegeuza uso upande wa Kitui. Musyimi alisimama mbali, akatazama vidole vyake vya miguu. Katunge akasimama katikati kama karani wa mahakama, na ni wazi alikuwa amesubiri siku kama hii maisha yake yote.

"Mwenyekiti anasema nikuulize," alianza. "Leo umemshika mkono. Wote tumeona. Sasa anataka kujua ulimshika kama nani."

"Sijaelewa, mama."

"Ni rahisi. Kama ulimshika kama tour guide, hiyo ni kazi yako. Hakuna kosa. Tutakushukuru, tutakuombea, tutashuka, na kila mtu ataenda kwao. Lakini kama ulimshika kama mkwe," Katunge akatulia, akafurahia ukimya wake, "hapo umevunja nthoni. Na kuvunja nthoni kuko na faini. Kwa hivyo jibu vizuri. Ulikuwa nani hapo kwa ukingo?"

Upepo ulivuma, vitambaa vya buluu vikapepea. Musyimi aliona mlango uliofunguliwa wazi. Neno moja, kazi, na angeshuka mlima huu akiwa msafi, bila kosa, bila aibu, akipigiwa makofi. Angeshuka bila kitu kingine chochote pia. Mwongeli aliomba heshima, naye alikuwa ameivunja. Kusema alikuwa kazini ni kuikana ile aibu, na kuikana aibu ni kumkana yule mama. Akapiga moyo konde.

"Nilikuwa mkwe," alisema. "Mgeni ningemwambia kulabu imemshika, atulie. Huyu sikuweza. Nimekosa. Nitozwe."

Wamama waliguna wote kwa pamoja, ule mguno mrefu wa kanisani. Katunge alimgeukia mwenyekiti. Mama Mwongeli aliendelea kutazama Kitui. Kidevu kile kilikuwa juu bado, ila kilikuwa kinatetemeka kidogo, na haikujulikana kama ni kicheko au ni nini.

"Mwambie," alisema polepole, "mtu wa barabarani hatozwi faini ya nthoni. Akinishika, ni ajali tu. Anayetozwa ni mkwe peke yake."

"Amesema..." Katunge alianza.

"Nimesikia," akasema Musyimi.

"Mwambie ni blanketi. Zito. Haya mepesi ya siku hizi sitaki. Alete Jumamosi ijayo, pamoja na hao mbuzi ambao Mwongeli amenisumbua nao mwaka mzima."

Vigelegele vilipasuka. Pimbi waliokuwa wakijianika walitoweka ndani ya nyufa zao. Kanyi alimrukia Musyimi mgongoni, na wamama wakaanza kuimba wimbo ambao haukuwa wa kanisani hata kidogo. Katunge peke yake hakuimba. Aliinua mkono mpaka kelele ikatulia.

"Ngojeni. Haki iwe haki. Kalekye," alimwambia mwenyekiti kwa jina lake la usichanani, "huyu ametozwa kwa kukushika. Na wewe? Wewe ulimtaja jina. Tena mara mbili! Mlima mzima umesikia. Mama mkwe gani anaita mkwe wake jina?"

Mama Mwongeli aligeuka. Aliiacha Kitui, akamtazama Musyimi moja kwa moja, shati lake lililochanika, mikwaruzo ya miiba mikononi, kisha akamjibu Katunge bila kumwondolea macho kijana huyo.

"Nilimwita," alisema. "Mtu akianguka haiti watu wa wengine. Huita wake."

Musyimi aligeuza uso wake kando, na safari hii haikuwa kwa sababu ya nthoni.